Sufuria Iliyofukuza Maji

Sogeeni, wapwa zangu, sogeeni. Mkeka ni mpana. Mdogo wenu akae mbele ili naye aone. Leo mjomba anapika, na mjomba akishika mwiko mdomo haufungi.

"Mjomba, unapika nini?"

Makaroni na nyama ya kusaga. Mlioko Mombasa na Unguja mtasema makaroni ya kima. Sina ugomvi na mtu, sahani ni ileile.

"Na tuko wangapi?"

Ah! Huyu ana akili ya jikoni. Wenzake huuliza chakula kitaiva saa ngapi. Yeye anauliza tuko wangapi. Hongera, mpwa wangu. Tuko sita. Na nyama niliyonayo ni robo kilo tu.

"Robo kilo! Watu sita! Mjomba, si tutagombana?"

Mngegombana kama ningeikata vipande. Robo kilo ingetoa vipande kumi na viwili, tena vidogo. Kila mtu viwili. Mmoja angepata chenye mfupa, mwingine chenye mshipa, na mdogo wenu angelia kwamba cha kaka yake ni kikubwa. Mnajua kesi hizo. Nyama ya kusaga haina kesi. Inaingia kila kijiko, na kila kijiko kina ladha ya nyama.

"Lakini ni nyama ileile, mjomba. Kwa nini ikisagwa inaonekana nyingi?"

Swali zuri sana hilo. Nileteeni kiazi kilichochemshwa na kisu. Kisu nitashika mimi.

Tazameni. Nakata kiazi kiwe mchemraba, kila upande sentimeta 2. Mchemraba una nyuso sita. Kila uso una sentimeta za mraba 4. Zidisheni. Sita mara nne?

"Ishirini na nne!"

Vema. Nje ya kiazi chetu ni sentimeta za mraba 24. Sasa nakata katikati, nakata tena kwa huku, nakata tena kwa kule. Nimepata vichemraba 8. Kila kimoja kina nje ya sentimeta za mraba 6. Nane mara sita ni 48. Kiazi hakikuongezeka hata chembe. Nje yake imekuwa mara mbili. Nikivikata vyote tena namna hiyo, nje itafika 96. Na mashine ya buchani haikati mara mbili tatu, inakata mpaka nyama inatoka vijiuzi.

Ulimi wenu unaonja nje ya nyama. Moto nao unachoma nje ya nyama. Makaroni nayo yanagusa nje ya nyama. Nje ikiwa kubwa, robo kilo inafika mbali.

Kuna faida nyingine, na hii ni ya mfuko. Shingo ya ng'ombe ni bei nafuu kwa sababu ni ngumu. Ng'ombe huinama na kuinuka kula majani siku nzima, shingo inafanya kazi, inakuwa na nyuzi ngumu na mishipa. Ukiikata vipande itakaa jikoni saa mbili au tatu kabla ya kulainika. Mkaa unakwisha, gesi inakwisha, na watoto wanasinzia. Mashine ikiisaga, visu vyake vimeshakata zile nyuzi. Kazi ambayo moto ungefanya kwa saa tatu, kisu kimeifanya kwa dakika moja. Mimi nyama ya steki siisagi. Naona ni kuichezea pesa.

Lakini subirini, nje ikiongezeka kuna jambo jingine linaongezeka nalo. Vijidudu. Kwenye pande zima la nyama, vijidudu hukaa nje. Moto ukigusa nje, vinakufa. Nyama ikisagwa, nje inachanganyika na ndani, na vijidudu vinaingia kila mahali. Ndiyo maana nyama ya kusaga haiachwi na wekundu katikati, hata kidogo. Wapishi wenye kipimajoto hungoja ifike nyuzijoto 71. Sisi wa macho tu tunapika mpaka rangi nyekundu na ya waridi iishe kabisa, ndani na nje, kisha tunaendelea, kama mtakavyoona.

Basi mkitumwa buchani, chagueni pande lenyewe kwanza, kisha mwambieni muuzaji alisage mbele yenu. Msiinunue iliyokwisha kusagwa ikakaa kwenye sinia tangu asubuhi. Mkishainunua, njooni moja kwa moja nyumbani. Msipite uwanjani kutazama mpira. Nyumba isiyo na friji, nyama ya kusaga hupikwa siku hiyohiyo. Na mkishaishika mbichi, mikono kwenye sabuni.

Haya, jikoni. Moto ni wa mtu mzima, leo ni wangu. Kazi yenu ni masikio.

"Masikio, mjomba? Si macho?"

Masikio. Sufuria husema, ila watu hawaisikilizi.

Naweka sufuria pana jikoni ikiwa tupu. Nangoja ipate moto. Mafuta natia kijiko kimoja tu, kwa sababu nyama yenyewe ina mafuta yake. Sasa naingiza nyama, naitandaza chini yote, kisha naiacha. Sikilizeni sufuria.

Chaaaa!

Sauti kali, ya juu. Imesikika? Ngojeni dakika moja, mbili. Sikilizeni tena.

Pwata. Pwata. Pwata.

"Sauti imeshuka, mjomba!"

Imeshuka. Sasa chungulieni, lakini mikono nyuma. Mnaona nini?

"Nyama imekuwa ya kijivu. Na kuna maji! Mjomba, umetia maji?"

Sikutia hata tone. Zaidi ya nusu ya uzito wa nyama ni maji. Nyuzi za nyama zikipata joto hujikunja, na zikijikunja zinakamua maji yake nje. Sasa nyama yetu haikaangiki tena. Inachemka katika maji yake yenyewe. Hapa ndipo wapishi wengi wenye haraka huharibu. Wanaona kijivu, wanasema imeiva, wanatupia nyanya. Na kweli imeiva, mtu hatoumwa tumbo. Lakini haina ladha. Iulizeni sufuria.

Sufuria inasema: "Mimi nimekaa juu ya mkaa mwekundu. Joto ninalo, tena la kutosha. Lakini kila joto ninalotoa, maji yanalichukua yageuke mvuke. Yanapanda juu, yanakwenda zake. Nyama hainisikii kabisa. Niondoleeni maji haya, muone kazi yangu."

Sufuria haisemi uongo. Maji katika sufuria iliyo wazi, yakichemka, hayapiti nyuzijoto 100. Chocheeni mkaa wa mtaa mzima, yatachemka kwa fujo zaidi na kukauka upesi zaidi, lakini 100 hayapiti. Na ile rangi ya kahawia tunayoitaka, ile ya nyama choma, inahitaji kama nyuzijoto 140.

"Kwa nini hayapiti, mjomba, na moto upo?"

Fikirini uwanja wetu baada ya mvua. Mnataka kucheza rede. Jua limetoka, linawaka kweli. Lakini uwanja umejaa madimbwi. Jua lina kazi ya kwanza, kuyakausha maji. Madimbwi yakiwepo, ardhi chini yake inabaki baridi, na mama yenu hawaruhusu kutoka. Dimbwi la mwisho likiondoka, ardhi inapata moto mara moja, hadi nyayo zinaruka. Hapo mchezo unaanza. Sufuria ndiyo uwanja, moto ndio jua, na nyama ndiyo ninyi, mmesimama mlangoni mnangoja.

Kwa hiyo tunangoja. Msifunike sufuria, wapwa zangu! Mfuniko unaukamata mvuke na kuurudisha chini ukiwa maji. Msijaze nyama ya kilo mbili katika sufuria ya robo kilo, maji yatakuwa mengi kuliko moto. Na msikoroge kila nukta. Mwiko usio na subira unaipoza nyama. Vunjavunjeni mabonge, kisha iacheni nyama.

Sikilizeni sufuria.

Pwata… pwata…

Bado.

Pwa… tsss… tsss…

Karibu.

Chaaaa!

"Imerudi! Sauti imerudi!"

Imerudi! Mmesikia wenyewe, sikuwaambia. Maji yamekwisha, mafuta ya nyama yamebaki, na mafuta hayazuiliwi na ile 100. Sasa nuseni. Dakika tatu zilizopita jiko lilinuka nyama ya kuchemsha. Sasa je?

"Mishikaki!"

Haswa. Ile sukari kidogo iliyomo ndani ya nyama na vijenzi vya protini vinaungana kwa joto, na kutoka hapo zinazaliwa harufu mpya nyingi mno. Aliyeandika habari za muungano huu mwaka 1912 alikuwa mwanakemia wa Ufaransa, Louis Camille Maillard, na hadi leo wataalamu wanauita kwa jina lake. Madoa ya kahawia kwenye chapati yanatokana nao. Ganda la mkate pia, na sehemu ya harufu ya kahawa inapokaangwa. Bibi zenu hawakumsoma Maillard, lakini walijua. Ulizeni nyumba yoyote ya pwani inavyopika kima ya sambusa mwezi wa Ramadhani. Wanaitia tangawizi na kitunguu thomu, wanaiweka jikoni, na hawaiti watoto wa kuzifunga sambusa mpaka imekauka kabisa. Kima yenye maji hulainisha manda, na sambusa hupasuka kwenye mafuta.

Haya, nyama ina vidoa vya kahawia. Hapa natia vitunguu maji viwili nilivyokatakata na chumvi kidogo. Vikilegea, naingiza karoti mbili za kukwaruza, kitunguu saumu cha kutwanga na tangawizi. Mwenye pilipili hoho atie. Mwenye bilinganya aikate vidogo sana, hata asiyeipenda hataijua. Mwenye kikombe cha dengu zilizokwisha chemshwa, atie na dengu, robo kilo ya nyama ionekane nusu. Hii si siri, mama yenu anafanya hivyo tangu mlipokuwa hamna meno.

"Mjomba, chini ya sufuria kumeganda! Kuna weusi!"

Macho yako mazuri, mpwa wangu. Lakini angalia vizuri. Ni weusi au ni kahawia?

"Ni… kahawia."

Kahawia ni mali. Weusi ni hasara, ni uchungu. Ukiona inaelekea weusi, punguza moto upesi. Hii yetu ni ya kahawia, na ndiyo ladha yote tuliyoingojea, imeng'ang'ania chini. Sasa naleta nyanya nne zilizoiva hadi kulainika. Nyanya za namna hii sokoni jioni huuzwa fungu kwa bei ya kutupa, na kwa kupika ndizo bora. Natia pia kijiko kimoja cha nyanya ya kopo. Nakoroga mpaka ziive na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Kisha natia maji ya moto, vikombe vitano vya robo lita.

"Mjomba!"

Naam.

"Mjomba, tumefukuza maji muda wote ule. Tumengoja. Umetukataza kufunika. Sasa unayarudisha?"

Njoo nikupe mkono. Hili ndilo swali la leo, na nilikuwa naogopa hakuna atakayeliuliza.

Ndiyo, tumeyafukuza, na ndiyo, tunayarudisha. Yalipokuwepo mwanzo yalizuia kahawia isizaliwe. Sasa kahawia imekwisha zaliwa, na haiondoki kwa kurudi kwa maji. Tena inayahitaji. Tazama nikipitisha mwiko chini. Ile iliyoganda inabanduka, inayeyuka, na maji yanageuka rangi. Kama tungetia maji tangu mwanzo, yangebaki maji yenye nyama ndani. Sasa ni mchuzi. Maji ni yaleyale ya bombani. Kilichotofautisha ni zamu, nani kaingia kwanza.

Nilitaka kuendelea, lakini hapa kuna mwenye kiherehere kwenye pakiti. Haya, Makaroni, sema.

"Asanteni," anasema Makaroni. "Mimi ni ngano, lakini si ngano ya maandazi. Natoka kwenye ngano ngumu, yenye punje ngumu na moyo wa manjano. Walinisaga, wakanikanda na maji kidogo, protini zangu zikashikana. Kisha wakanisukuma kwa nguvu kwenye kitundu cha chuma chenye kijiti katikati. Ndiyo maana nami nina tundu. Wakanikata. Wakanikausha. Mkavu hivi, naweza kukaa kabatini miezi na miezi."

"Mjomba, makaroni yanatoka Italia, sivyo?"

Anajibu mwenyewe. "Italia wananipenda sana. Tangu mwaka 1967 wana sheria kwamba makaroni makavu yatengenezwe kwa ngano ngumu. Lakini kuna hadithi kwamba eti msafiri Marco Polo ndiye aliyenileta kutoka China. Si kweli! Marco Polo alizaliwa mwaka 1254. Na mwaka 1154, miaka 100 kabla yake, mwanajiografia Mwarabu al-Idrisi, aliyekuwa akiandika kwa ajili ya mfalme Roger wa Pili wa Sicily, alikwisha kueleza mji wa Trabia kisiwani humo. Alisema hapo walitengeneza tambi kavu kwa wingi, zikapakiwa majahazini na kupelekwa nchi za Waislamu na za Wakristo. Kavu, mmesikia? Tambi mbichi isingefika."

Ahsante, Makaroni. Ameongeza chumvi kwenye habari ya majahazi, vilikuwa vyombo vya bahari ile si yetu, lakini mengine ni kweli. Nami naongeza moja. Someni pakiti dukani. Nyingine za bei ya chini kabisa zimetengenezwa kwa ngano laini, ile ya kawaida. Hazina ubaya, ila hurojeka upesi. Zisimamieni.

Mchuzi unachemka. Naingiza nusu kilo yote ya makaroni. Nakoroga. Nakoroga. Nakoroga.

"Mjomba, ulisema tusikoroge!"

Nilisema kwa nyama. Kwa makaroni, dakika mbili za mwanzo ni za kukoroga. Ndani ya makaroni kuna chembechembe za wanga. Zikipata maji yenye joto la zaidi ya nyuzijoto 60 hivi, zinakunywa maji na kuvimba. Zile za nje huvimba kwanza na kuwa na utelezi unaonata, na makaroni yakilala kimya yatashikana mabonge. Dakika mbili zikipita, sehemu ya wanga huo imeshaingia kwenye mchuzi, na mchuzi unaanza kuwa mzito wenyewe. Ndiyo maana napika yote kwenye sufuria moja. Wengine huchemsha makaroni peke yake kwenye lita tano za maji, kisha wanayamwaga maji yote kwenye sinki. Wamemwaga wanga, wamemwaga chumvi, wamemwaga gesi waliyochemshia. Najua mpishi wa Kiitaliano angenikunjia uso. Akilipia gunia langu la mkaa nitamsikiliza.

Sasa ndiyo tunafunika, moto wa wastani. Nakoroga kila baada ya dakika mbili tatu. Mchuzi ukipungua kabla makaroni hayajalainika, naongeza maji ya moto kidogo kidogo. Pakiti ikisema dakika tisa, kwenye mchuzi ngojeni kumi na mbili mpaka kumi na tano.

Na mpwa anayenisoma Nairobi angoje zaidi kidogo kuliko wa Dar es Salaam.

"Kwa nini? Gesi ya Nairobi ni mbovu?"

La, gesi haina kosa. Nairobi iko zaidi ya meta 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyo juu yake ni pungufu, haiyakandamizi maji kwa nguvu, na maji huchemka mapema, kwenye nyuzijoto 94 au 95 hivi. Yanachemka kweli, yanaruka, lakini ni ya baridi kidogo kuliko yanayochemka Dar es Salaam. Makaroni hayadanganywi na mapovu, yanataka joto. Waulizeni wanaopika maharagwe Njombe, huko nyanda za juu, watawaambia.

Onjeni moja. Mpwa mkubwa, uma huu. Pulizia kwanza!

"Laini… lakini katikati kuna kitu kigumu kidogo."

Basi tunaepua. Makaroni hayaachi kunywa eti kwa sababu moto umeondoka. Tukingoja yalainike kabisa jikoni, mezani yatakuwa uji. Epueni mchuzi ukiwa bado unateleza kidogo. Funikeni dakika tano. Nyunyizeni majani ya giligilani, kamueni nusu ndimu. Mkifunua mtakuta yamekaa sawa.

"Mjomba, hii ndiyo ile ya Italia?"

Usiseme hivyo mbele ya mtu wa Bologna. Mji ule unajivunia mchuzi wake wa nyama ya kusaga, mpaka tarehe 17 Oktoba 1982 Akademia ya Mapishi ya Italia iliuandikisha rasmi kwenye chama cha wafanyabiashara cha mji. Wao huula na tambi pana bapa za mayai, na hupika kwa saa nyingi, moto mdogo. Hii yetu ina tangawizi, karoti na ndimu, na iliiva kabla ya taarifa ya habari. Ni ya hapa.

Na majirani zetu Wasomali nao wana yao. Waitaliano walitawala kusini mwa Somalia, wakaacha tambi, na Wasomali wakaichukua wakaitia viungo vyao. Nendeni Eastleigh, Nairobi, muagize tambi na nyama. Pembeni ya sahani mtaletewa ndizi mbivu.

"Ndizi? Na nyama?"

Unakata kipande cha ndizi, unakila pamoja na tambi. Usikunje pua. Wewe ambaye kila Ramadhani unakula tambi za sukari na iliki, una haki gani ya kumcheka mwenzio?

Leteni sahani. Sita. Mdogo wenu apakuliwe kwanza, mguu wake umekufa ganzi kwa kukaa. Tazameni vijiko. Chako kina nyama? Chako? Chako?

"Vyote vina nyama!"

Robo kilo hiyo.

Ikibaki, ipoe upesi, iingie friji, msiiache mezani usiku kucha. Kesho iongezeni maji kidogo mnapoipasha, itakuwa imekunywa mchuzi wote. Au ikaangeni na mayai mawili asubuhi.

"Na ukoko, mjomba? Chini kuna ukoko. Nani atakula?"

Mwagieni maji ya moto vijiko vitatu, mfunike, mhesabu mpaka mia moja, utabanduka wenyewe. Ama nani atakula, wapwa zangu, hilo halina mjadala. Ukoko ni wa mpishi. Anayeutaka na ashike mwiko kesho.